Santuri za Shirati, Mikanda ya Musoma

Mwaka 1987 kampuni changa ya kurekodi muziki mjini London, World Circuit, ilitoa santuri iitwayo Benga Beat. Waliopiga humo ni Shirati Jazz, bendi iliyobeba jina la mji mdogo ulio kaskazini mwa Mkoa wa Mara, kando ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Miaka 10 baadaye, mwaka 1997, kampuni hiyohiyo ikatoa kazi kadhaa kutoka Havana, Cuba. Moja ilikuwa Buena Vista Social Club. Nyingine ilikuwa ya mpiga piano mkongwe, Rubén González, akiwa amezungukwa na kundi la wanamuziki ambao kila mmoja wao alikuwa nyota.

Kazi hizo za Havana zilipata wasikilizaji duniani kote. Ile ya Shirati ilibaki kwa wapenzi wa benga, muziki wa magita wenye asili ya Wajaluo, na wakusanyaji wa santuri. Hata hivyo zote zilipitia mlango mmoja, na ukizitazama pamoja zinaeleza jambo ambalo watu wa Mara wana sababu ya kulifikiria: kwa nini baadhi ya sauti za mkoa huu zimehifadhiwa kwenye santuri zinazonunuliwa Ulaya hadi leo, na nyingine, zilizopigwa na vijana wa mkoa huohuo katika miaka ileile, zikaachiwa mikanda ya redio na kumbukumbu za wazee.

Tuanze na huyo mzee wa Havana.

Rubén González alizaliwa mwaka 1919 mjini Santa Clara. Katika miaka ya 1940 alipiga piano kwenye kundi la Arsenio Rodríguez, mmoja wa wanamuziki walioubadilisha muziki wa dansi wa Cuba. Baadaye alikaa miaka mingi katika orkestra ya Enrique Jorrín, mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa chachacha. Miaka ya 1980 alistaafu. Vidole vilikuwa vimeanza kuuma kwa baridi yabisi, na piano ya nyumbani ilikuwa imeliwa na wadudu.

Mwezi Machi 1996 Nick Gold wa World Circuit na mpiga gita wa Marekani, Ry Cooder, walikuwa Havana kwa kazi nyingine. Walikuwa wamepanga kuwakutanisha wanamuziki wa Mali na wa Cuba, lakini watu wa Mali hawakufika. Wakalazimika kutumia muda wa studio waliokwisha kuulipia kwa kuwatafuta wakongwe wa mjini. González alipoletwa, aliikuta piano nzima ikimsubiri katika studio za EGREM. Wenzake wamesimulia jinsi alivyokuwa akifika mapema asubuhi kabla milango haijafunguliwa, na mlango ukifunguliwa anakwenda moja kwa moja kwenye piano. Mradi mkuu ulipokwisha, zilibaki siku chache. Wakamwachia yeye. Kwa siku 2 za Aprili 1996 alirekodi albamu yake mwenyewe, bendi nzima ikipiga kwa pamoja: Orlando "Cachaíto" López kwenye besi, Manuel "Guajiro" Mirabal kwenye tarumbeta, Amadito Valdés kwenye timbali. Alikuwa na umri wa miaka 76.

Muziki wa namna hiyo haukuwa mgeni katika nchi zetu. Tangu miaka ya 1930 santuri za Cuba zilizouzwa Afrika katika mfululizo wa GV zilifika katika miji ya bandari na ya reli, na kutoka hapo zikaingia bara. Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Karibu kila mji uliokuwa na ukumbi na umeme wa kuwasha vipaza sauti ulikuwa na bendi yake, na bendi hiyo mara nyingi iliitwa "jazz," hata kama haikupiga hata nusu ubeti wa muziki wa New Orleans. Musoma nayo ilikuwa na Mara Jazz, wana Sensera.

Mtu wa Butiama alikuwa na maoni yake kuhusu muziki huo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wengi wa Kiafrika walijua kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini ngoma za kwao hawakuzijua. Chachacha ile aliyoitaja Mwalimu ndiyo iliyokuwa ikipigwa Havana na orkestra ya Jorrín. Maneno yake hayakuua bendi za dansi. Yalizipa kazi mpya. Ziliimba Kiswahili, ziliingiza midundo ya ngoma za kwao, zikawa za vyama na taasisi za umma. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilianzishwa mwaka 1964, na majeshi, polisi na viwanda vikafuata.

Katika hili sera ya Mwalimu ilizaa matunda ambayo hayasifiwi kiasi cha kutosha. Redio Tanzania Dar es Salaam iliweka milango wazi kwa bendi za mikoani. Kijana wa Musoma aliyekuwa hajawahi kufika Dar es Salaam angeweza kusafiri na bendi yake, kuingia studio ya RTD, kurekodi nyimbo kadhaa, na wiki chache baadaye jirani zake wakamsikia kwenye redio ya mkulima. Katika miaka ya 1970 muziki wa nje ulipunguzwa sana hewani, na pengo hilo likajazwa na sauti za hapa nyumbani. Nchi chache za Afrika zilikusanya kumbukumbu ya muziki wake wa dansi kwa upana namna hiyo.

Studio yenyewe ilikuwa na taratibu zake. Bendi haikurekodi chombo kimoja kimoja kama inavyofanyika sasa. Wote walikaa chumba kimoja: gita la solo, gita la rithimu, besi, tumba, saksafoni, waimbaji mbele ya kipaza sauti. Fundi mitambo akishika mkanda, wimbo unapigwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mpiga saksafoni akikosea kwenye kiitikio cha mwisho, wote wanarudia. Ndiyo maana nyimbo nyingi za RTD zina uhai ambao mashine za leo zinahangaika kuuiga. Hazikupigwa na watu waliokutana kwenye kompyuta. Zilipigwa na watu waliotazamana usoni.

Lakini mkanda ulikuwa mali ya redio, na redio haikuuza. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Serikali, kupitia Tanzania Film Company, ilianza mpango wa kujenga kimoja, na mpango huo haukufika mwisho. Bendi iliyotaka kuwa na santuri ilibidi ivuke mpaka kwenda Nairobi, ambako viwanda na kampuni za kurekodi zilikuwapo tangu miaka ya 1950. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifanya hivyo, na jina lake likaenea Afrika Mashariki yote kabla ya kufa kwa ajali ya gari Kenya mwezi Januari 1979. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walikwenda na hawakurudi. Simba Wanyika yao ikawa bendi ya Nairobi.

Kwa watu wa kaskazini mwa Mara, Kenya haikuwa mbali kiasi hicho. Ilikuwa jirani. Familia za Wajaluo na Wakurya zina ndugu pande zote mbili, na njia ya Sirari na Isebania ilikanyagwa na wafanyabiashara, wanafunzi na waumini kabla ya kukanyagwa na wapiga magita.

Mmoja wa waliovuka ni Daniel Owino Misiani. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, eneo la Shirati, mahali ambapo Wamennonite kutoka Marekani walikuwa wamefungua kituo chao cha kwanza nchini mwaka 1934. Katika miaka ya 1960 aliingia Kenya akiwa kijana mwenye gita, na mwaka 1967 akaanzisha bendi aliyoipa jina la kwao. Majina yalibadilikabadilika kwenye lebo za santuri kadiri mikataba ilivyobadilika, lakini jina lililodumu ni D.O. 7 Shirati Jazz. Wapenzi wake Kenya walimwita Mfalme wa Historia, kwa sababu nyimbo zake zilikuwa na visa vya Biblia, vya ukoo na vya wafalme wa kale, na ndani ya visa hivyo aliwasema wakubwa wa siku zake. Serikali za Kenya zilielewa. Alikamatwa na kuwekwa ndani zaidi ya mara moja, na akatishiwa kurudishwa Tanzania.

Anayetaka kuelewa alichofanya Misiani na wenzake kwenye gita aanze na nyatiti. Ni kinanda cha nyuzi 8 cha Wajaluo. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda kifupi, chombo kikiwa kimelalia ubavu. Kwenye mguu amefunga njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma ambayo anaigonga kwenye ukingo wa chombo kwa kila pigo. Mtu mmoja, basi, anatoa nyuzi za juu, nyuzi za chini, njuga, mlio wa chuma na sauti yake mwenyewe. Sentensi ya mwimbaji ikiisha, nyuzi zinaijibu kwa kuirudia. Wakurya wana chombo cha jamii hiyohiyo, iritungu, kikubwa zaidi na chenye nyuzi 8 pia, chenye mlio mzito unaosikika kifuani.

Benga ililigawa jukumu la mpiga nyatiti mmoja kwa watu wanne au watano. Gita la solo likachukua nyuzi za juu na kazi ya kumjibu mwimbaji. Besi ikawa ya kukimbia, yenye kuruka badala ya kutembea, mahali pa nyuzi za chini. Ngoma ya mguu ikashika mahali pa ile pete ya chuma: inapiga kila pigo, haichoki. Msikilizaji wa Bunda aliyelelewa na ngoma za Wajita au Waikizu anaweza asijue hata neno moja la Kijaluo, lakini mguu wake unajua mara moja ni wapi pa kukanyaga.

Kisha ikaja santuri yenyewe. Katika miaka ya 1970 nyimbo nyingi za Nairobi zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zenye dakika tatu hivi kila upande. Wimbo wa benga hauishi kwa dakika tatu. Watayarishaji wakaukata vipande viwili. Upande wa kwanza una maneno: mwimbaji anaeleza kisa, kinapopamba moto sauti inafifia na sindano inafika mwisho. Anayemiliki gramafoni ananyanyuka, anageuza, anaweka sindano upya. Upande wa pili maneno ni machache. Magita ndiyo yanayotawala, solo na rithimu yakifukuzana, besi ikisukuma kutoka chini. Wenye baa walijua wateja wao wanasubiri upande wa pili. Kwa njia hiyo umbo la santuri liliingia ndani ya umbo la wimbo, na bendi zikawa zinatunga zikijua kisa kitakatika wapi.

Biashara hiyo ilifika mbali. Mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo alisambaza benga hadi kusini mwa Afrika, na nchini Zimbabwe jina la moja ya lebo zake, Sungura, likawa jina la aina nzima ya muziki wa magita. Mtu wa Harare anayecheza sungura leo anacheza kitu chenye mizizi kandokando ya Ziwa Victoria, na mmoja wa waliotia mbegu ni mwana wa Nyamagongo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Miaka hiyo sita huzungumzwa kwa habari za ndege, reli na mali za Jumuiya zilizogawanywa, lakini kwa wanamuziki wa Mara ilikuwa na maana yake mahususi. Aliyekuwa upande wa Kenya, kama Misiani, aliendelea kuingia studio na kutoa santuri. Aliyekuwa Musoma alibakiwa na njia moja, nayo ilielekea Dar es Salaam, kwenye mkanda wa redio.

Hakuna sababu ya kuamini kwamba wa upande mmoja walikuwa na vipaji kuliko wa upande mwingine. Ni mpaka ulioamua nani aache santuri na nani aache mkanda.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwishoni mwa miaka ya 1980. Waingereza walipoanza kutafuta muziki wa Afrika kwa ajili ya soko jipya, walikwenda kwa wale ambao santuri zao zilikuwa mkononi. Baada ya Benga Beat ya 1987, mwaka 1989 zilitoka nyingine mbili za Misiani na Shirati Jazz: Piny Ose Mer kwa lebo ya GlobeStyle, na Benga Blast! kwa lebo ya Earthworks. Shirati ikawa jina linalosomwa kwenye maduka ya London. Huku Mara, katika miaka hiyohiyo, muziki wa zilipendwa ulikuwa ukipita kwenye kaseti. Mwenye redio kaseti aliutegea wimbo hewani na kubonyeza kitufe, sauti ya mtangazaji ikiingia humo humo. Mji kama Bunda, ulio kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma na penye njia ya kuelekea Kisorya na Ukerewe, ulikuwa mahali pa kaseti za namna hiyo kupita mikono. Mpiga gita hakupata senti.

Tanzania nayo ilipata albamu yake ya wakongwe, na ilitangulia ile ya Havana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la HelpAge International, linaloshughulikia wazee, liliwasaidia wanamuziki wakongwe wa Dar es Salaam kupata vyombo na kuunda bendi. Ikaitwa Shikamoo Jazz. Salum Zahoro wa Kiko Kids alikuwamo, pamoja na wengine waliotoka katika bendi za zamani. Mwaka 1995 walizuru Uingereza, na Fundi Konde wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1924 na kuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kwake kupiga gita la umeme, akapanda nao jukwaani, pamoja na Bi Kidude wa Zanzibar. Albamu yao, Chela Chela, ilitoka mwaka huo, mwaka mmoja kabla González hajaiona piano ya EGREM.

Inafaa kuisikiliza Chela Chela baada ya kusikiliza albamu ya González, moja baada ya nyingine. Wakongwe wote hawa wanacheza bila papara. Anayesubiri zamu yake hajazi nafasi kwa noti za kujionyesha. Saksafoni inaingia pale inapohitajika na kunyamaza. Tofauti kubwa ni kwamba nyuma ya wakongwe wa Havana kulikuwa na kampuni yenye wasambazaji duniani kote, na baadaye filamu ya Wim Wenders ya mwaka 1999. Nyuma ya wale wa Dar es Salaam kulikuwa na shirika la wazee lililofanya lililoweza, na linastahili heshima kwa hilo.

Shikamoo Jazz ilikusanya waliokuwa Dar es Salaam. Hilo linaeleweka, ndiko vyombo vilikokuwa na ndiko wanamuziki wengi walikokimbilia bendi za mikoani zilipodhoofika. Lakini dansi la Tanzania halikuzaliwa Dar es Salaam peke yake. Sauti ya kila mji ilikuwa na lafudhi yake, na lafudhi ya mji wa ziwani wenye Wakwaya, Wajita, Wakurya, Wajaluo na Wazanaki haikuwa ile ya Tanga wala ya Morogoro. Mikanda ya RTD sasa iko chini ya TBC, shirika lililochukua jina hilo mwaka 2007, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 watu wa Tanzania Heritage Project walipigia debe mikanda hiyo iingizwe kwenye kompyuta kabla haijaharibika. Kazi hiyo ikifanyika kwa mpangilio wa mikoa, Musoma itajisikia yenyewe tena, na majina ya waliopiga yataweza kuandikwa mahali ambapo wasimamizi wa hakimiliki wanaweza kuyafanyia kazi na familia zao zikalipwa.

Daniel Owino Misiani alifariki tarehe 17 Mei 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na miaka 66 na akiwa bado anapiga. Kazi yake haina hatari ya kupotea. Iko kwenye santuri nyingi, na zinatafutwa. Walio hatarini ni wenzake wa upande huu wa mpaka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970, akishika rithimu kwenye dansi la Jumamosi mjini Musoma, sasa amepita 70, kama alivyokuwa Rubén González alipofunguliwa mlango wa studio. González alihitaji siku 2, piano moja na wenzake wanaomjua. Mzee wa Musoma anahitaji gita lenye nyuzi mpya, besi, tumba, chumba kisicho na mwangwi, na mtu wa kushika mitambo. Vyote hivyo vinapatikana leo mjini Musoma, bila kuvuka mpaka na bila kusafiri hadi Dar es Salaam.